Kisu cha Arubaini

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nyumbani kwetu Mji wa Kale kulikuwa na kisu kisichokata hata kitunguu. Kilikuwa na mpini mweusi wa mpingo, na kazi yake ilikuwa moja tu: akizaliwa mtoto, Bibi hukitia chini ya mto wake kwa siku arubaini ili majini wasimsogelee. Jini huogopa chuma, ndivyo tulivyofundishwa. Mama alikilalia, mimi nikakilalia, na miaka mingine yote kilikaa kabatini ndani ya kitambaa cheupe, kikipumzika kama mstaafu.

Alipozaliwa mdogo wangu Sudi, Bibi alikitoa, akakipaka mafuta, kisha akanigeukia mimi, maana alinijua.

"Sikiguse kisu hichi hata kwa mchezo," aliniambia. "Chuma cha mtoto kikizoea mkono mwengine, hakimlindi tena."

Nilikuwa na sumaku mfukoni wakati ule ule naitikia. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa fundi wa saa na redio mtaa wa nyuma, na alinipa sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Kwa wiki nzima nilijiona mtu mkubwa. Niliokota vizibo vya soda na pini za Mama, nikawalipisha wenzangu peremende wapate kutazama. Mjomba alinionyesha pia kwamba ukikisugua chuma kwa sumaku, upande mmoja, mara nyingi, nacho hugeuka sumaku. Nikasugua msumari, ukashika kidogo tu. Ndipo nilipokumbuka kwamba chuma kirefu na kizuri kuliko vyote nyumbani kilikuwa chini ya kichwa cha Sudi.

Nilikichukua Mama akiwa anaoga na Bibi yuko jikoni. Nilikisugua mara hamsini, nikihesabu. Kikaokota sindano tatu, moja ikining'inia kwa nyingine. Nilifurahi mpaka nikataka kumwita mtu aje aone, na hapo nikatambua kwamba sina wa kumwita. Nikakirudisha.

Siku tatu baadaye Sudi alishikwa na homa. Baba alikuwa baharini, baharia wa meli za mizigo, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa Mama na Bibi. Mama alisema mtoto apelekwe hospitali asubuhi ile ile, na alikuwa amekwisha kuvaa buibui lake. Bibi akainua mto amtengeneze mtoto, na kisu kikatoka na pini ya nepi imeganda ubavuni. Akaibandua, ikarudi. Akaibandua tena, akaishika karibu na ncha, ikamponyoka vidoleni ikashika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikuwahi kumwona Bibi akiogopa kabla ya siku hiyo.

"Kimeshikwa na majini," alisema. "Livue buibui, mwanangu. Hii si homa ya kupigwa sindano."

Mama akalivua. Alikuwa mzazi wa siku ishirini na tano, na nyumba ilikuwa ya mama yake.

Mwalimu wa chuo cha Kurani akaitwa kuja kusoma. Ubani ulifukizwa mpaka macho yetu yakawasha. Kisu kilipelekwa uani, kwa kuwa Bibi hakutaka kilale tena ndani. Neno la kusema lilikuwa fupi, "Ni mimi," na sikuweza kulitoa. Kila nilipomkaribia Bibi nilimkuta akilia kimyakimya huku midomo yake ikisoma, na mimi nikageuka nikaenda zangu. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kujipa.

Kesho yake nilikwenda kwa Mjomba, nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, sumaku hutokaje kwenye chuma. Alikuwa ameinamia saa, lenzi jichoni. Akasema kipige sana, au kichome mpaka kiwe chekundu. Hakuinua uso kuniuliza ni cha nini, na mimi nilishukuru kwamba hakuniuliza.

Nilikipiga kwenye jiwe la ngazi ya uani. Nikajaribu sindano, ikashika. Nikakipiga kwa nguvu zaidi mpaka ncha ikakatika, na sindano bado ikashika. Basi nikakizika kwenye makaa ya jiko na kupepea mpaka mikono ikafa ganzi. Mpini ulitoa moshi, vidole vyangu vikaungua, na chuma kikawa chekundu. Nikakiacha kipoe sakafuni. Nikaweka sindano, ikaanguka. Nikaweka tena, ikaanguka.

Nilikimbia ndani kuwaambia kimetoka, mtoto atapona. Chumba kilikuwa kitupu. Jirani aliniambia Sudi alianza kuvuta pumzi kwa taabu, na Bibi mwenyewe ndiye aliyesema twendeni hospitali. Wametoka mbio kwa mlango wa mbele.

Walirudi alasiri. Bibi ndiye aliyembeba, amemfunika uso. Daktari alikuwa amesema ni mapafu, na kwamba wamechelewa. Mimi bado nilikuwa na kisu mkononi. Bibi alikitazama, akakichukua, akaenda nacho chumbani kwake.

Leo nakaa kwenye kiti cha Mjomba, nikitengeneza saa. Nina kimashine cha kutoa sumaku, cha ukubwa wa sabuni ya kufulia. Huletewa mikasi ya washonaji na bisibisi za mafundi, na kuna mpasuaji samaki wa Liwatoni ambaye visu vyake, akishavinoa, hugandwa na chenga za chuma, naye anachelea zisiingie katika samaki wa watu. Nabonyeza, nakipitisha kisu taratibu, nakiondoa. Kabla hajamaliza salamu, kazi imekwisha.

Kwa miaka mingi nilijifariji na elimu hiyo. Sumaku haileti homa wala haimkaribishi jini. Faraja ile ilikoma mwaka juzi nilipozaa mwenyewe, nikajua siku moja ni kitu gani kwa mtoto mchanga mwenye homa. Sumaku haikumuua Sudi. Lakini pini ile ndiyo iliyomvua Mama buibui, na aliyejua kwa nini inashika alikuwa mmoja tu, amesimama mlangoni. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Bibi alikuja kumwona binti yangu, ameshikwa mkono kwa sababu ya uzee. Akatoa kitambaa cheupe. Kisu kilikuwa kile kile, ncha imekatika, kimetiwa mpini mpya.

"Kipitishe kwanza kwenye mashini yako," aliniambia.

Nilishindwa kumtazama. Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Vidole vyako vilikuwa na malengelenge," alisema. "Mamako alivua buibui kwa neno langu, si kwa lako."

Nilitaka kumwambia kwamba langu lilikuwa lile nisilolisema. Nalo pia lilinishinda.

Nilikipitisha mara tatu, ingawa sumaku yake niliitoa mwenyewe zamani. Sindano ikaanguka. Nikakitia chini ya mto wa binti yangu, Bibi akitazama. Kisha nikalitundika buibui langu kwenye msumari wa mlangoni, mahali ninapoweza kulifikia bila kumuuliza mtu.