Msichana Aliyezama Nyuma ya Meza

Walinitafuta wao. Mimi nilikuwa zangu mtaani kwetu Kikula, nashona sare za shule na magauni ya komunyo, mkurugenzi wa kipindi cha watoto cha televisheni moja ndogo ya mjini aliponikuta kwenye cherehani. Alikuwa ameniona parokiani siku ya Noeli nikichezesha vikaragosi, ile midoli ya kuvaa mkononi. Kipindi chake kilikuwa na kikaragosi baba, kikaragosi mwalimu, kikaragosi mvulana na mbuzi. Sasa alitaka mtoto wa kike.

"Maman, tunatafuta fille moja ya akili," alisema. "Mwenye kuuliza maulizo. Batoto banamuke bamuone."

Nilimwamini. Hapo ndipo ninapojikasirikia mpaka leo.

Nilimtengeneza kwa wiki mbili. Kichwa nilikikata kwenye sponji ya godoro kuukuu, kinywa nikakitia kitambaa chekundu kwa ndani, nywele nikazisuka kwa uzi mweusi zikasimama wima. Gauni alilichagua binti yangu wa miaka minane, katika mabaki ya vitenge. Sauti nayo niliichukua kwake: kusema haraka haraka, kudakia maneno ya watu. Kikaragosi alikuwa kichwa, mikono miwili na gauni, basi. Miguu hakuwa nayo, kama wenzake.

Siku ya kwanza ya kurekodi nilipiga magoti kwenye saruji nyuma ya meza, nikainua mkono, mtoto akatokea. Kando yangu alipiga magoti mzee mmoja mpole, mstaafu wa kiwanda, aliyemchezesha baba. Baba akaingia, mtoto akamsalimia. Mkurugenzi akasimamisha kamera.

"Afukame! Mutoto mwanamuke anasalimia baba yake wima? Bazazi ba batoto batasema nini?"

Kwetu binti hupiga magoti anapomsalimia mkubwa. Sina ugomvi na hilo. Nimempigia magoti baba yangu tangu nijue kutembea, na sikupungukiwa kitu. Lakini baba yangu alikuwa ananiona. Kikaragosi asiye na miguu, akipiga magoti nyuma ya meza, anazama.

"Chef, akifukama haonekane tena."

"Haiko problème, maman. Sauti itasikika."

Basi akazama. Baba akiingia, anazama. Mwalimu akiingia, anazama. Maswali yake yote yakawa yanatoka chini ya meza, kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Mbuzi, asiyemsalimu mtu, alibaki kwenye picha tangu mwanzo hadi mwisho, na kaka mtu, yule kikaragosi mvulana, aling'ara hapo juu akijibu maswali ya dada asiyeonekana. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nilikuwa namshusha kila nilipoamriwa.

Kipindi tulikitazama kwa jirani. Binti yangu alikaa mbele kabisa. Alikuwa amewatangazia wenzake wote kwamba gauni lile kalichagua yeye.

"Maman, iko wapi?"

"Anasalimia."

Akangoja. Akageuka tena. "Bado tu anasalimia?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kesho yake watoto walikicheza kipindi uani, benchi limelazwa ubavu ndiyo meza. Wavulana walikuwa wanapiga kelele juu yake, mmoja akilia kama mbuzi. Binti yangu sikumwona. Nilizunguka benchi nikamkuta ameketi mavumbini, mgongo umeegemea ubao.

"Unafanya nini hapo?"

"Niko nacheza, maman. Mimi njo ule fille."

Hakuwa na huzuni hata chembe, na hilo ndilo lililonichoma. Damu ilinichemka, nikalipiga teke lile benchi mpaka wavulana wakatawanyika. Nilimkasirikia mkurugenzi, nikajikasirikia mwenyewe zaidi. Mkono uliomshusha mtoto ulikuwa wangu.

Jumamosi tulirekodi tena. Baba akaingia. Nilimwinamisha mtoto kichwa kwa heshima zote, kisha nikakiinua.

"Jambo, papa."

"Fukama!" alisema mkurugenzi. "Maman, umufukamishe!"

Mkono niliuacha juu. Bega lilikuwa linawaka moto. Nilimsikia yule mzee akipumua kando yangu, akisita, halafu kikaragosi chake kikakisogelea changu.

"Jambo, mwana wangu. Masomo ilienda aje?"

Mtoto akamweleza. Akauliza na maswali yake yote, kinywa chekundu wazi, mbele ya kamera, mpaka ukurasa wa maneno yake ukaisha.

Mkurugenzi alisema hawezi kuonyesha watu utovu wa adabu kama ule. Kanda ile itafutwa, na mjini hawakosekani wamama wenye mikono. Akamchomoa mtoto kwenye mkono wangu kama anavua soksi. Niliyomjibu sitayaandika, maana binti yangu anajua kusoma.

Nilifika nyumbani bado nina hasira. Binti yangu akanipokea mlangoni na swali lake: fille ametokea leo?

"Ametokea. Amebaki juu mpaka mwisho."

"Na papa yake alifanya nini?"

"Alimuuliza juu ya masomo."

"Njo vile tu?"

"Njo vile tu."