Nilikata Mstari Katikati, Mwenzangu Akarudi kwa Mumewe

Admin, naomba ufiche jina langu na picha yangu, maana humu wamo watu wa jumuiya yetu na mume wangu naye anaufuata ukurasa huu.

Nina miaka ishirini na sita, mama wa watoto wawili, wa pili bado ananyonya. Naishi Bombambili, Songea. Shule niliishia kidato cha pili, ila Biblia nimeisoma kuliko wengi walionizidi darasa, na hilo ndilo lililoniponza.

Jumuiya yetu ina grupu la kwenye simu. Mwanzoni lilikuwa la kupeana taarifa za misiba na zamu za kufagia kanisa. Kisha katibu wetu akaleta utaratibu wake: mtu akiuliza jambo, hakuna kujibu kwa maoni, ni andiko tu. Ukiandika la kwako anakurukia, "Andiko liko wapi?" Ikawa kama mashindano, na mimi nilikuwa nashinda. Huku nanyonyesha, huku nakoroga uji, sura na mistari iko kichwani. Nikituma tu, amina zinamiminika. Jamani, mtu ambaye siku nzima hakuna anayemwambia asante, zile amina zilikuwa tamu.

Mwezi uliopita dada mmoja wa jumuiya, nitamwita Mama Neema, akaandika: "Wapendwa, mwanamke akipigwa na mumewe kila akilewa, akakimbilia kwa mama yake na ujauzito, arudi au akae?"

Aliuliza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Lakini mimi ni jirani yake. Niliwahi kumpa kanga yangu afute damu puani. Nilijua yuko kwao Madaba wiki ya pili.

Wa kwanza kujibu alikuwa bibi mmoja mjane: "Mwanangu, akae huko huko apone. Akikosa pa kulala, kwangu kipo kitanda."

Katibu akamjibu, "Shikamoo bibi. Andiko liko wapi?" Mwingine akaongeza, "Bibi leo katuletea injili ya kitanda!" Wakajaza vikatuni vya kucheka.

Nikaingia mimi. Nikaweka Wakorintho wa Kwanza, sura ya saba, mstari wa kumi: mke asiachane na mumewe. Nikaongeza kwamba hilo ni agizo la Bwana, si la mtu. Sasa ndugu zangu, pale sentensi haijaisha. Mstari unaofuata unasema kama ameshaachana naye, akae bila kuolewa au wapatane, na mume naye asimwache mkewe. Niliuona. Biblia ilikuwa wazi mapajani pangu. Niliuacha kwa sababu jibu fupi lilipendeza zaidi, na kwa sababu niliogopa ungeleta ubishi.

Katibu akaandika, "Hapo sasa! Mjadala umefungwa." Mume wangu alisoma akacheka, "Kumbe nimeoa padri."

Siku tatu baadaye Mama Neema alirudi kwa mumewe. Wiki haikuisha. Amevunjwa mkono wa kulia, na mimba ya miezi mitano imetoka.

Nilimpelekea uji hospitali. Mtoto nilikuwa nimembeba mgongoni, na nilipofika kitandani pake ndipo nilipoona nimekosea kuja naye. Alimtazama muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ulijua ni mimi niliyeuliza?"

Nikasema, "Nilijua."

"Na mstari wa chini yake? Nimeazima Biblia hapa, nimeusoma."

"Niliuona, dada."

Hakunitukana, heri angenitukana. Alisema taratibu, "Mama alinikataza nisirudi. Nikamwambia, mama, wewe unasema la kwako, yule amesema la Mungu." Akageukia ukutani.

Ingeishia hapo ningetubu na kulia kimya kimya. Lakini mumewe amewaonyesha kaka zake Mama Neema ujumbe wangu: "Someni wenyewe, jumuiya yake ndiyo iliyomwambia arudi kwangu." Hospitali Mama Neema alisema ameanguka, kwa hiyo hata polisi hawajui. Kaka zake ni watu wa kanisa, wamekubali. Akiruhusiwa Jumapili wanamrudisha kwa yule yule. Mama yake analia, hakuna anayemsikiliza.

Nikaenda kwa katibu. "Shikamoo mzee. Naomba niandike kwenye grupu kwamba nilikata mstari."

"Marahaba. Mwanangu, ukianza kufuta neno la Mungu watu watasema tunachezea maandiko. Acha lipite, tutamwombea."

Nikamwambia, "Mzee, neno la Mungu sifuti. Nafuta langu."

Kufika nyumbani nikakuta nimeshatolewa kwenye grupu.

Mume wangu na mume wa Mama Neema ni mafundi ujenzi, wanafanya kazi pamoja. Mume wangu amenipa neno moja: "Jumamosi ukisimama kwenye jumuiya kumwaibisha mwenzangu, fungasha urudi kwenu. Na hao watoto utajua mwenyewe."

Jumamosi kaka zake Mama Neema wamealikwa kusali na jumuiya. Ni nafasi yao pekee ya kusikia kutoka kinywani mwangu kwamba nilijua, niliona, nikakata. Kwamba dada yao hajaamriwa na yeyote kurudi kwenye kipigo. Mimi nataka kusimama. Ninapowatazama wanangu wawili wamelala, najiuliza nitawapeleka wapi, maana kwetu baba alishafariki na nyumba ni ya kaka.

Nawasihi msinitumie sura na mistari. Nishaurini kwa maneno yenu wenyewe, hata yakiwa makali, nitayasoma yote. Leo ni Alhamisi. Ungekuwa wewe, ungesimama?