Jibu Lililofunikwa

Raheli alirudi Misigiri mvua zikiwa zimegoma na alizeti zimekauka zingali fupi. Baba yake, mzee Simeoni, alikuwa kitandani, mapafu yamechoka. Miaka yote alijivunia binti yake mwanasayansi wa ng'ambo, ingawa alipoulizwa kanisani ni sayansi gani, alikohoa na kubadilisha mazungumzo.

"Sasa nieleze vizuri, mwanangu. Huko unatafuta nini?"

Raheli akajitahidi. Kila chembe ya maada ina pacha wake wa kinyume, antimaada. Wakikutana, wote wawili wanatoweka. Mwanzoni kabisa walitakiwa kuwa sawa kwa sawa, wamalizane, pasibaki kitu. Lakini kitu kilibaki. Yeye na wenzake wanapima chembe iitwayo mesoni ya chamu, ambayo katika uhai wake mfupi kupindukia huweza kugeuka kuwa pacha wake, hata ikarudi tena, kabla ya kuvunjika. Je, chembe na pacha wake huvunjika kwa namna moja, au kuna anayependelewa kidogo?

Mzee alivuta pumzi kwa shida. "Kwa hiyo unatafuta kwa nini tumebaki."

"Ndiyo, baba. Kipande kidogo tu cha sababu."

"Mmekipata?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kwa utaratibu wao, anayepima haoni jibu mpaka ukaguzi wote uishe. Kompyuta hulifunika kwa kuliongezea namba ya siri, ili mtu asije akaivuta hesabu kuelekea anakotamani. Jibu lilikuwa humo humo kwenye kompyuta yake, mezani, kando ya chupa ya chai. Kulifunua kulihitaji amri moja tu, lakini walikuwa wamekubaliana kulifunua Ijumaa, wote pamoja.

"Chungulia tu," mzee akasema, macho yamechangamka kama ya mtoto mtundu. "Mimi nitamwambia nani?"

"Subiri Ijumaa, baba."

Raheli alitamani, tena sana. Ila ndiye yule yule aliyekuwa akifagia uwanja mara mbili tangu utotoni, kuhakikisha hakuruka mahali, na aliyemfundisha hivyo ni huyo huyo mzee. Basi mzee akasubiri. Kila alipoamka aliuliza leo ni siku gani.

Alifariki Alhamisi asubuhi, Raheli akiwa jikoni anamkorogea uji.

Ijumaa wakazika. Jioni ukaingia ujumbe wa wenzake: wamefunua. Tofauti iliyopatikana kati ya chembe na pacha wake ilikuwa ndogo kuliko shaka ya kipimo chenyewe. Mtu hawezi kusema ipo, wala kusema haipo. Raheli akazima simu, akarudi kuketi mkekani na wanawake. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Mama yake, Yustina, akamsogelea.

"Lile jibu la baba yako limefunuliwa?"

"Limefunuliwa, mama."

"Linasemaje?"

"Bado hatujui."

Mama akavuta khanga mabegani, akatazama kitanda kilichoondolewa godoro.

"Basi si ungemwambia hilo."