Chumba Kimoja na Mama Mkwe

Kwetu Mikindani, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Kule Nanyamba, nilikooa, mkwe ni mtu wa kukimbiwa, na nasema kukimbiwa kwa miguu. Nikimwona mama mkwe wangu anakuja njiani na mtungi kichwani, ilinipasa nijifiche mpaka apite. Naye akiniona mimi kwanza alijificha upande wa pili. Siku nyingine njia ilibaki tupu kabisa, sisi wote wawili tumejibanza kwenye mikorosho, kila mmoja akimngoja mwenzake apite. Sikula mbele yake, sikutaja jina lake, wala sikumsemesha ana kwa ana. Akitaka kunituma alimwambia binti yake, hata kama nimesimama hapo hapo: "Mwambie mumeo kuni zimekwisha." Nami nilimjibu kwa njia hiyo hiyo. Mke wangu alikuwa posta yetu.

Niliishi hivyo karibu mwaka mzima, maana huko mwanamume ndiye anayehamia kwao mke. Nilijenga nyumba nyuma ya ile ya mama mkwe, nikapalilia mihogo yake, na sikuwa na neno. Lakini mimi ni dereva. Udereva niliupata Mtwara wakati bandari inajengwa, na mtu aliyekwisha kushika usukani ukimpa jembe utamwonea bure. Basi nilipopata kazi ya kuendesha gari la Bwana Nyama, yule Mzungu wa serikali aliyesimamia wanyama wa porini, huko juu kwenye bonde la Ruvuma, nilifurahi nusura nipige mbinja mbele ya mkwe.

Mjomba wa mke wangu, ambaye kwa desturi yao ndiye mwenye usemi, alikubali niondoke na mke wangu. Mama mtu hakukubali wala hakukataa. Alisema, kupitia posta: "Nitakwenda nione mwenyewe. Ntu hapeleki ntoto wake kwenye simba bila kuona. Nikiona hapafai, narudi naye." Alikuwa Mmakonde halisi, Mtwara kwake ilikuwa Ntwara, na akisema hapafai basi hapafai. Mtu mmoja alimwambia kwamba kwa Bwana Nyama angalau hatutakosa nyama. Akamwuliza nani atakayeichinja.

Kwa hiyo safari ile ilikuwa mtihani wangu, na msahihishaji amekaa nyuma ya lori la Bwana Nyama nililokabidhiwa, juu ya magunia ya makopa, ile mihogo mikavu, kapu la mabibo mapajani, mke wangu ubavuni pake. Mimi nilikuwa mbele peke yangu kama gavana, nikiendesha taratibu mno. Kila shimo nililolipitia nilihisi nimekatwa maksi. Nilijua kabisa kwamba bila ya mke wangu nisingeiweza ile kazi, wala nisingeitaka.

Jioni tukafika kwenye banda la wageni la serikali, lililo ndani ya pori lenyewe. Njia yetu ilikuwa ya siku mbili, na hapo ndipo pa kulala. Nilikuwa nimemsifia mke wangu hilo banda tangu Nanyamba, ijapokuwa sikuwahi kuliona. Lilikuwa na kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la nyasi, dirisha lenye nondo za miti, vitanda viwili vya kamba, ndoo na kandili. Mtunza banda, Mmakua wa makamo mwenye kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, akatufungulia mlango kwa heshima zote.

"Chumba cha pili kiko wapi?" nikamwuliza.

"Cha pili cha nini?"

Nikamvuta pembeni, nikamweleza kwa kunong'ona kwamba yule mama ni mkwe wangu. Akanihurumia sana, lakini chumba hakikuongezeka. Akasema jua likizama hakuna mtu kutoka nje mpaka yeye mwenyewe agonge mlango asubuhi, na kwamba hiyo ni oda.

"Basi mimi nitalala kwenye gari."

"Lala," akasema. "Kesho asubuhi kuna lori jingine linashuka Mtwara. Kitakachobaki cha mwili wako nitawapa wakipeleke."

Mama mkwe alikuwa anafunua kapu lake, akasimama. Na mtunza banda yeye hakuwa mkwe wake, aliweza kumsemesha atakavyo. "Hilo lori linapita Nanyamba?"

"Linapita, mama."

"Lina nafasi ya watu wawili?"

"Hata kumi."

Mama akaitikia "Haya," akaendelea na kapu lake. Nikamtazama mke wangu, naye akatazama chini.

Jua halijazama bado nilikwisha kujifungia kwenye gari. Heshima ni heshima. Lakini lile kapu la mabibo walilirudisha nyuma ya lori, kwa kuwa mtunza banda alikataa mabibo yasilale ndani ya nyumba, akisema harufu yake inaita wageni. Nilidhani anasema siafu. Sikukaa sana nikasikia lori linainama kwa nyuma. Nikageuka kidogo, nikaona mkonga umeingia kwenye kapu, unachagua mabibo mekundu kwanza.

Tembo mmoja tu, lakini alinitosha. Nilikaa kama mzigo. Akamaliza mabibo, akazunguka kuja upande wangu kuona kama dereva naye ana yake. Ndipo sauti ikatoka dirishani kwa mama mkwe:

"Mwambie mumeo atoke aingie ndani! Anangoja nini?"

Nami, meno yanagongana, bado nilikumbuka adabu. "Mwambie mama," nikajibu, "mlango unaofunguka ni huu wa upande wa tembo! Ule mwingine umekwama!"

"Mama, anasema mlango unaofunguka ni—"

"Nimesikia! Mwambie apite dirishani!"

Nikapita dirisha la gari la upande wa pili. Ninavyokumbuka, sikugusa ardhi mpaka mlangoni. Niliingia kwa kasi nusura nimkumbatie mama mkwe, tukashtuka wote wawili kuliko tulivyomshtukia tembo, kila mmoja akageukia ukuta wake. Mke wangu akafunga mlango kwa komeo, akakaa chini akacheka mpaka akashika tumbo. Alicheka peke yake.

Kisha akafunga kanga mbili katikati ya chumba kwa kamba, kitanda cha mama huku, changu huku. Yeye akatandika mkeka chini ya hizo kanga, kichwa upande wa mama yake na miguu upande wangu, amelala kama Ruvuma kati ya Mwingereza na Mreno. Nilikula wali wangu nimeuelekea ukuta. Nilitafuna polepole ili mkwe asisikie, na kila nikitafuna nilijua keshokutwa nitarudi kupalilia mihogo, au nitalala peke yangu huko kwa Bwana Nyama, nikipikiwa na nani sijui. Nilikuwa na huzuni na bado nilikuwa na njaa.

Mke wangu alizima kandili, akalala palepale. Halafu akaanza kukoroma. Mimi nilikuwa nimemzoea, nilikuwa nayasikia hayo tangu harusi, na mwili mdogo vile unashangaa sauti inatoka wapi. Kilichonitia hofu ni mimi mwenyewe. Mtu hajui kama anakoroma. Na nikikoroma mbele ya mama mkwe, nitamtazama vipi maisha yangu yote, mimi ambaye sitakiwi kumtazama hata kidogo? Nikaamua kutolala. Nikakaa kitako nimekumbatia magoti. Upande wa pili nao kitanda kikalia, kama cha mtu aliyekaa kitako.

Mara sauti ikatoka huko, ya chini: "Mwanangu, mwambie mumeo najua hajalala."

Mwanawe akakoroma.

Sikuwa na la kufanya ila kujibu. "Mke wangu, mwambie mama mimi pia najua hajalala."

Akakoroma tena, kirefu.

"Mwulize anaogopa tembo?"

"Mwambie tembo siye. Naogopa kukoroma mbele yake."

Halafu kitanda cha upande wa pili kikaanza kutikisika, nikadhani mama wa watu analia. Alikuwa anacheka. "Mwambie," akasema, anapigania pumzi, "na mimi ni hilo hilo."

Tukacheka wote, kila mtu na upande wake wa kanga, tumeziba midomo, na posta wetu amelala katikati hana habari. Nilidhani mambo yameisha hapo. Lakini mama akaendelea, na sauti haikuwa ya kucheka tena.

"Mwanangu, mwambie mumeo baba yako alipofariki wewe ulikuwa ntoto bado. Nilikuwa sipati usingizi. Nyumba kimya, nasikia kimya tu. Nikakulaza kitandani kwangu, ukaanza hayo makoromo yako. Nikalala. Mlipooana mkajenga nyuma. Nikahamisha kitanda changu nikakiweka kwenye ukuta wa nyuma. Nakusikia vizuri tu."

Nikapitisha mawazo haraka haraka juu ya yote yaliyowahi kusemwa ndani ya nyumba yetu, masikio yakapata moto. Lakini sikucheka.

"Mwambie sikuja kuangalia simba," akasema. "Simba hata Nanyamba wapo. Mwambie, akikuchukua, mimi nitalala na nini?"

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya nyumba, ya maji, ya hatari. Nikatafuta la kusema, nikasema lile la kwanza: "Mke wangu, mwambie mama aje tukae wote huko."

"Mwulize, tangu lini mkwe akakaa na mkwe? Usiku mmoja tu, tazama tulivyokaa."

Ilikuwa kweli tupu. Nikajinyoosha kitandani. Nadhani nilipitiwa na usingizi, na kama nilikoroma, hakuna aliyewahi kuniambia.

Mtunza banda alipogonga, jua limetoka na lile lori la kwenda Mtwara limesimama nje linanguruma. Nikatoka mbio nione mzigo wa mke wangu uko wapi. Ulikuwa kwenye gari langu. Mama mkwe alikuwa ameupandisha mwenyewe, na mzigo wake yeye akaupeleka kwenye lile lori jingine.

Mke wangu alitoka mwisho, uso umejaa usingizi mzuri. "Mmelalaje?" akatuuliza. Akaona mizigo imegawanyika, akaelewa. "Mama, huji kuiona nyumba?"

"Nimeona."

"Umeona nini, na bado safari ya siku nzima?"

"Nimesema nimeona."

Wakashikana, wakalia kidogo, mke wangu zaidi. Mimi nilijipa kazi ya kuangalia tairi ambalo halikuwa na kasoro. Kisha nikasikia hatua zinakuja kwangu, nikainua kichwa, ni yeye. Nikatupa macho kutafuta pa kujificha, kama kawaida.

"Simama," akaniambia mimi, si mtu mwingine.

Nikasimama. Akaniangalia usoni, nami nikamwangalia, mara ya kwanza tangu nioe. Macho yake na ya mke wangu ni mamoja, na sikuwahi kujua.

"Baba," akasema, "akikoroma usimwamshe."

"Sitamwamsha, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kupanda lori lake. Usiku uliofuata tulilala kwenye nyumba yetu mpya. Mke wangu alikoroma kama desturi yake, nami nilikaa macho muda mrefu, nikiona haya kwamba naisikia sauti ile peke yangu.