Ninatibiwa meno kwa jina la marehemu

Habari zenu, wasomaji wa ukurasa huu. Nimeomba jina langu lifichwe, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini. Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na moja, nilifiwa na mke, naishi Kamina. Sikuzaliwa hapa. Kwetu ni upande wa Mulongo, kwenye mabwawa ya mto Lualaba, ambako nilifundisha shule ya msingi mpaka vita vikatutoa. Miaka zaidi ya ishirini imepita na bado naitwa deplase, mtu aliyehamishwa na vita, kama vile nilishuka jana. Naishi kwa kuwaandikia watu barua za maombi na kufundisha watoto Kifaransa. Kazi hiyo inanipa bukari, ugali wetu. Daktari hainipi.

Jino langu la chini kushoto lilianza kuuma kabla ya mvua. Nilijaribu karafuu, maji ya chumvi, vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni. Mwishowe nikaenda kwa daktari mmoja wa meno mwenye kabine yake binafsi ya kutibia. Hakunikaribisha hata kuketi. Alinimulika kinywani kwa simu, akasema mbele ya wagonjwa wengine: “Mzee, hii kinywa iko kama nyumba ya kubomoka! Ulikuwa unangoya nini?” Nilikuwa nangoja pesa. Bei aliyotaja ni kazi yangu ya miezi mitatu, na aliitaka yote mbele. Yuko mwingine anayeng'oa kwa koleo nyuma ya soko, huyo ningemweza. Niliona ndoo yake ya maji ya damu, nikageuka nikarudi nyumbani.

Katika ua wetu anakaa mama mmoja mwenye watoto watano. Nitamwita Mama Ngoie, ingawa si jina lake. Familia yake imo katika mituele, chama cha kuchangia matibabu, na chama hicho kina kliniki yenye daktari wa meno. Mtoto wake wa pili ana ugonjwa wa damu tunaouita SS, na bila kadi ya chama hicho asingefika umri alio nao. Siku moja alinikuta nimeshika shavu.

“Papa, ile shavu! Iko kama mutu anaficha bukari ya jirani.”

“Usinichekeshe, mama, naumia.”

“Sikia. Tata yangu, ule alinizaa, alikufa mwaka jana, lakini mu kartasi ya mituele bado iko muzima. Miaka yenu iko karibu moya. Banaita jina, weye unaitika. Njo vile tu.”

Nilikataa siku tatu. Siku ya nne sikuweza kumeza uji.

Kliniki walipoita “Ilunga!” (si jina lenyewe) nilibaki nimekaa. Mama Ngoie alinisukuma kwa kiwiko: “Tata, banakuita.” Nikasimama. Vita vilichukua nyumba yangu, vitabu vyangu na shule yangu. Jina havikuligusa. Siku ile nililiacha mwenyewe kwenye benchi.

Daktari ni mwanamke kijana. Kabla ya kugusa kitu alikaa nyuso zetu zikiwa sawa, akanionyesha jino kwenye kioo kidogo, akanieleza atakalofanya. “Papa, ikiuma, inua mukono. Nitasimama.” Niliinua mkono, naye akasimamisha kazi kweli. Akangoja. Akauliza: “Tuendelee?” Sikumbuki mara ya mwisho mtu aliniuliza hivyo. Alisafisha, akaweka dawa ya muda, akanipa siku ya kurudi.

Nilirudi wiki iliyopita. Safari hii faili ya zamani ya marehemu ilikuwa imepatikana. Alianza kazi, akaisoma, akarudi kutazama kinywani mwangu.

“Papa, hapa baliandika hii jino iling'olewa ku Kabongo, zamani sana.” Kidole chake kilikuwa juu ya jino lenyewe. “Iliota tena?”

Hakuwa akicheka. Namshukuru Mungu kwa pamba iliyokuwa mdomoni, maana ilinipa sababu ya kutojibu. Alimaliza kazi yake taratibu, akabadilisha dawa, akatoa pamba, akavua glovu. Kisha akasema kwa sauti ya chini ili muuguzi asisikie: “Kazi ya hii jino bado. Ukiiacha hivi, ubaya utashuka mpaka mu mufupa. Rudia siku ya ine ya juma ijayo. Lakini ukuye na jina yako.”

“Na yule aliyenileta?”

“Minyi natengeneza meno, Papa. Kartasi inapanda ku biro ya mituele, na kule minyi siko na neno. Siwezi kukuahidi kitu.”

Nilipomweleza Mama Ngoie alicheka kwanza. “Tata alibakia na meno ngapi, minyi ningejua wapi?” Halafu kicheko kikakatika. “Papa, bakitufuta, mutoto wangu atatibiwa wapi?” Hakunilaumu. Asubuhi aliniletea uji laini, akauweka mlangoni, akaondoka.

Wanangu, nimesoma vitabu vingi na hakuna kinachonisaidia hapa. Nikitaja jina langu, udanganyifu wetu utaonekana, na huenda mtoto mgonjwa akafutwa kwenye kadi kwa ajili ya jino la mzee. Nikiendelea kuwa Ilunga, namdanganya machoni mtu wa pekee aliyenitibu kama binadamu, naye anajua. Nikibaki nyumbani, dawa hii ya muda itatoka, na najua kitakachofuata. Nimechoka kuhama, na sasa naona nahama hata ndani ya kinywa changu.

Nishaurini, hasa ninyi mnaofanya kazi hospitalini na kwenye vyama hivi. Siku ya kurudi ni keshokutwa, Alhamisi. Mlangoni wataniuliza jina. Niwajibu nini?