Bapa Lililopindwa Saluni

Watu wakiniuliza nacheza mchezo gani, hunichukua dakika tano kujibu. Ni kama mpira wa magongo, nawaambia, ila unachezwa ukumbini. Mpira wake ni wa plastiki, una matundu, na ni mwepesi kiasi kwamba ukikupiga usoni unajisikia kutukanwa zaidi ya kuumizwa. Kipa hana gongo; anapiga magoti na kudaka kwa mikono. Nikifika hapo, aliyeniuliza huwa ameshaanza kuangalia simu yake.

Mchezo wenyewe unaitwa floorball, na timu yetu ilikuwa ligi kuu ya wanawake ya taifa. Maneno hayo ni makubwa kuliko ukumbi tuliokuwa tukiuazima kule mtaa wa Turffontein, ambako watazamaji walikuwa mama zetu, wachumba, na watoto wanaokula chipsi. Lakini ligi kuu ni ligi kuu. Timu ya mwisho inashuka, na mwaka ule, ilipobaki mechi moja, tulihitaji angalau sare ili tusishuke sisi.

Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba ambaye hata wenzake wa akiba walimtangulia. Nilikuwa nimemaliza chuo na shahada ya kemia, sina kazi, nina muda mwingi wa kufikiri, jambo ambalo halijawahi kunifaa. Timu ilinipa kazi moja: kupinda mabapa. Bapa ni ile sehemu ya chini ya gongo inayogusa mpira. Likitoka dukani limenyooka. Unalipasha moto, unalipinda kidogo libonyee kama kijiko, na mpira hautoroki ovyo. Wengi hutumia maji ya birika. Mimi nilitumia draya ya mama mdogo, saluni kwake mtaa wa Yeoville, kwa sababu nilitaka kujua plastiki inalegea wapi kwanza, kingoni au katikati. Ni kingoni.

Sheria inasema mbonyeo usizidi sentimita tatu. Nahodha wa wapinzani akishuku, anaweza kuomba bapa lipimwe katikati ya mechi. Likizidi, mwenye gongo anatoka nje dakika mbili. Likiwa sawa, anatoka yeye aliyeshuku. Nimeifikiria sana sheria hiyo. Ingekuwa inatumika maishani, mimi ningekaa nje moja kwa moja.

Wiki ya mechi ya mwisho, bapa la nahodha wetu lilipasuka, akaniachia jipya. Saluni ilikuwa imejaa. Nilikuwa karibu kumaliza mama mdogo aliponinyang'anya draya.

"Lete hapa. Unaishika kama mtoto wa wenyewe."

"Mama mdogo, imetosha hapo."

"Imetosha? Ukiseti nywele leo, kesho imeshuka. Lazima uzidishe, ndiyo ikishuka inafika pale unataka. Miye niko na hii kazi mbele weye uzaliwe."

"Muache mama afanye," akasema mteja mmoja mwenye rola kichwa kizima. "Weye na shahada yako, umeshaseti nani?"

Saluni nzima ikacheka. Nilijua kwamba plastiki si nywele, ikishapoa haishuki. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi chuoni kuhusu jambo hilo hilo. Lakini kumwambia mama mdogo, aliyenilea, mbele ya wateja wake, kwamba hajui joto linavyofanya kazi? Akalipinda zaidi, nami nikasema asante.

Nilikimbilia kwa fundi cherehani wa jirani nikaazima futi ya kitambaa. Sentimita tatu na kidogo. Kidogo kiasi gani? Futi ya kitambaa inalegea, na meza ya fundi ilikuwa na vipande vya uzi. Kabla sijapima mara ya tatu, nahodha akaingia akiwa na sare zake za kazi ya ulinzi, akalichukua bapa, akalipitisha kidole gumba. "Sharp!" akasema, yaani safi kabisa, akaondoka nalo.

Ningeweza kumpigia simu. Nilimwandikia ujumbe mara nne, nikaufuta mara nne.

Jumamosi wapinzani walitoka Pretoria. Kipindi cha kwanza walitufunga moja. Cha pili, nahodha wetu aliupokea mpira, ukakaa kwenye lile bapa kama yai kwenye kijiko, akaurusha wavuni. Benchi zima liliruka. Mimi niliruka kwa kuchelewa. Baadaye kidogo wakatufunga la pili, na wakati wa kurudi katikati nilimwona nahodha wao hatazami mpira wala ubao. Alikuwa anatazama gongo la nahodha wetu.

Mapumziko ya dakika kumi kabla ya kipindi cha tatu, cha mwisho, yalipofika nikamwendea nahodha wetu.

"Nahodha, bapa lako limezidi."

"Kwa kiasi gani?"

"Sijui. Kidogo."

"Wiki iliyopita ulisema goli moja ni fupi kuliko jingine. Lilikuwa fupi?"

"Hapana, dada."

Wenzetu walicheka. Yeye hakucheka. Aliligeuza gongo, akalitazama kwa ubavu kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika.

Kwenye timu tunazungumza Kiingereza, ila kipa wetu ni Mrundi, na mimi naye husemezana Kiswahili. Alikuwa ameshavua kofia yake ya chuma. "Maji ya moto hakuna hapa," akaniambia, "lakini nina chai kwenye chupa. Bado inachoma."

Ilikuwa chai ya maziwa yenye tangawizi. Tuliimimina kwenye kopo lake la chakula, tukalizamisha bapa. Nikahesabu hadi sitini, nikalitoa, nikalikandamiza kwenye benchi kwa taulo, taratibu. Safari hii hakuna aliyenishika mkono. Mwenzetu mmoja alilipoza bombani, na filimbi ikalia. Rula hatukuwa nayo, na kuiazima mezani kwa waamuzi kungekuwa sawa na kujishtaki.

Kipindi cha tatu hakijafika mbali, nahodha wa Pretoria akainua mkono. Anaomba bapa lipimwe.

Mwamuzi alilibeba gongo hadi mezani. Akainama, kisha akasita.

"Mbona linanukia hivi?"

"Tangawizi," kipa wetu akajibu kutoka golini, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa.

Mwamuzi alijaribu kupitisha kipimo chake chini ya bapa mara moja, akageuza, akajaribu tena. Nilitamani kusogea nione, si kwa hofu tu; kweli nilitaka kujua. Kikakwama; bapa halikuzidi. Nahodha wa Pretoria akatoka nje dakika mbili, na ndani ya dakika hizo beki wetu akasukuma mpira uliogongana na miguu mingi, ukaingia. Mbili kwa mbili. Tukajilundika mbele ya kipa hadi mwisho. Hatukushuka.

Wenzangu walipokuwa wakikumbatiana, nahodha wa Pretoria alinijia benchini.

"Niambie kitu kimoja tu. Macho yangu ni mabovu?"

Kipa alinivuta mkono. "Twende, dada."

Sikujua kama matokeo yanaweza kufutwa baada ya filimbi. Sheria hizo sikuwa nimezisoma hadi huko, mimi ninayesoma hadi maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi.

"Macho yako ni mazima," nikamwambia. "Umechelewa kipindi kimoja."

"Kwa hiyo lile goli la nahodha wenu..."

"Ndiyo."

"Eish." Akageuka kutazama meza ya waamuzi. Walikuwa wanakusanya karatasi, hatua kumi tu kutoka pale. Nilimwona anazipima hizo hatua. Kipa wetu aliuachia mkono wangu.

"Na mkalinyoosha hapa hapa?" akauliza yule nahodha. "Dakika kumi zile? Kwa kutumia nini?"

"Chai."

Alinitazama kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Kisha akaketi kando yangu, akaweka gongo lake mapajani.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha mahali plastiki inapolegea kwanza, na jinsi ya kukandamiza bila kuivunja. Akauliza kuhusu maziwa, kama mafuta yake yanabadilisha chochote. Swali zuri, sikuwa nimelifikiria. Tulipoinua vichwa, meza ilikuwa imeshakunjwa na waamuzi wameondoka.