Mwalimu Mildred na Watoto Wasiohesabiwa

Mwalimu Mildred Aboth wa Nabuyoga alikuwa mama mfupi wa hasira ndefu. Namjua, maana ni mimi Rasto nilikuwa nambeba kwa baiskeli akienda Tororo, na kutoka Busia mpaka Mella hakuna mwanaume mwenye miguu kama yangu. Njia nzima ni kulalamika: chaki hakuna, paa inavuja, na mimi eti naendesha kama nimebeba mbuzi. Mimi shule niliacha darasa la tatu, nikaona walimu wamechoka na akili yangu.

Shule yake iliishia darasa la nne. Akitaka la tano, watoto lazima wapimwe akili kwanza. Wakishindwa, mtoto kama Alungat, mwanafunzi wake wa la nne, anarudi kwa jembe, basi.

Ndiyo mwaka wa sitini na nne nikamletea mpimaji kutoka stesheni. Bwana Okumu, mtoto wa Busia upande wa Kenya, suti mpaka shingoni. Akatoa picha ya mama na watoto wake. Swali: hawa watoto ni wangapi? Kila aliyeitwa aliangalia chini, kimya. Kwetu mtoto wa mtu hahesabiwi, ukimhesabu unamwitia kifo. Okumu anaandika sifuri tu.

Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikaingiza kichwa dirishani nikasema sita, kwa sauti. Watoto wakaniangalia kama mchawi. Na nilikosa hata, wa saba alikuwa mgongoni kwa mama yake kwenye picha.

Mildred akanifukuza, halafu akamgeukia mgeni.

“Bwana Okumu, ndugu yangu, kwa mama yenu mmezaliwa wangapi?”



“Tuko wengi, mwalimu.”

“Wengi ndio wangapi?”

“Mama hapendi tuhesabiwe.”

“Na hawa wana mama pia.”

Okumu akaanza kujitetea, eti swali limetoka Ulaya, halibadilishwi. Mildred akamwambia basi aulize viazi, viazi havina mama. Wakabishana mpaka mimi nikasikia njaa. Mwisho Okumu akamwita Alungat tena, akamwonyesha picha ile ile. Mama anapika viazi, kila mtoto apate kimoja. Apike vingapi?

“Sita,” Alungat akasema.

Okumu akashika kalamu aandike sifuri ingine.

“Na yule wa mgongoni ananyonya,” mtoto akamalizia.

Okumu akacheka mpaka akalegeza tai. Akafuta zile sifuri zote, akawaita watoto upya, viazi kwa viazi.

Darasa la tano likaja, na Alungat akakaa benchi la mbele. Unadhani Mildred alifurahi? Mwaka uliofuata nikaleta mpimaji mwingine, na picha ile ile, swali lile lile. Mildred aliiona kabla mgeni hajashuka kwa baiskeli.

“Rasto,” akaniambia, “muulize huyu kwao wako wangapi. Mimi nimechoka.”